Gemu za Kuzugia, Gemu za Kukamia

Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza gemu, jijini Tanga. Nimeyaandika kwa kufuata nilivyosema, ila nimeondoa vicheko na zile dakika ambazo kipaza sauti kiligoma.

Asalaam aleikum, na habari za mchana.

Tangu nishuke kwenye bodaboda pale getini nimepigiwa shikamoo kumi na moja. Nimezihesabu. Marahaba, wanangu. Mvi hizi zisiwadanganye, baadhi yake zimeota nikiwa na pedi ya kuchezea gemu mkononi.

Mwenyeji wenu aliponipigia simu alisema nije nieleze tofauti ya gemu nyepesi na gemu nzito. Nikamuuliza, kwa nini mimi? Akasema, "Kaka, si wewe ulikuwa na kibanda?" Ni kweli nilikuwa nacho. Kilikuwa Ngamiani, televisheni mbili za chogo, PlayStation 2 mbili, pedi nne ambazo siku nyingi tatu tu ndizo zilizokuwa nzima, na memori kadi moja niliyoitunza kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Mechi moja shilingi 200. Ukutani niliandika sheria kwa chaki: anayefungwa analipa na anapisha. Naomba muishike sheria hiyo, nitairudia mbele.

Jirani yangu alikuwa fundi cherehani. Jioni akifunga kazi alikuja na mwanawe wa miaka sita, wanakaa kwenye benchi, wanacheza Winning Eleven, ile gemu ya mpira wa miguu. Baba hajui kitufe cha kupiga wala cha pasi. Anajifunga mwenyewe, mtoto anaanguka kwa kucheka, baba naye anacheka, wanaondoka. Saa mbili usiku, sidii ile ile, televisheni ile ile, wanakaa vijana wawili waliokuwa hawasalimiani. Kibanda kinanyamaza. Mmoja anavua saa. Mwingine anafuta viganja kwenye suruali. Mtu akipita mbele ya kioo anatukanwa yeye na ukoo wake.

Sasa niambieni, Winning Eleven ni gemu nyepesi au nzito?

Ndiyo maana sipendi sana hayo maneno mawili, nyepesi na nzito. Yanaongelea kitu, kama vile gemu ni gunia unaloweza kulipima mzani. Mtaani tuna maneno bora zaidi. Tunasema kuzugia na kukamia. Uko kwenye foleni ya hospitali, umepewa namba 74 na wameita 31, unatoa simu, unazugia. Na kukamia mnakujua kutoka kwenye mpira. Simba au Yanga ikienda mkoani ikabanwa na timu inayoshika mkia, mashabiki wanarudi wakilalamika, "walitukamia." Yaani wale walicheza roho mkononi, dakika zote tisini, kana kwamba kesho hakuna ligi. Ukikamia kwenye bonanza la mtaa watu wanakucheka: unakamia nini, hata jezi hupewi? Wazee nao wanalo lao la siku nyingi, mkamia maji hayanywi.

Nayapenda maneno haya kwa sababu ni vitenzi. Kinachosemwa hapo ni kile mtu anachofanya. Gemu yenyewe haiwezi kukamia. Gemu inaweza kumruhusu mtu akamie, inaweza kumshawishi, na zipo zinazomlazimisha, kwamba ukija hapa bila kukamia rudi kwenu. Nyinyi mnaotaka kuzitengeneza, kazi yenu iko hapo hapo, kwenye kujua ni vyuma gani ndani ya gemu vinavyoruhusu, vinavyoshawishi na vinavyolazimisha.

Kwanza niwaondolee uongo ambao nimeusikia kwa miaka mingi, na baadhi yake nimewahi kuusambaza mimi mwenyewe.

Uongo mmoja ni wa saa. Eti anayezugia anacheza dakika tano, anayekamia anacheza usiku kucha. Nina shangazi yangu Pongwe, mwanamke wa miaka 63, mfanyabiashara wa nazi. Anacheza Candy Crush, ile gemu ya simu ya kupanga peremende. Ameanza kabla ya mjukuu wake kuzaliwa, na mjukuu sasa anasoma. Amevuka hatua elfu kadhaa. Akimaliza sala ya alfajiri anacheza, akisubiri lori la nazi anacheza, taarifa ya habari ikianza anacheza. Mkusanye saa zake kwa mwaka kisha mzilinganishe na za kijana anayejiita mchezaji kwa sababu ana kiti chenye taa nyekundu. Mimi nisingeweka dau kwa yule kijana. Lakini ukimuuliza shangazi kama anacheza gemu atakwambia, "Mimi? Mambo hayo ya watoto!"

Uongo mwingine ni wa sura: rangi za peremende ni za kuzugia, damu na bunduki ni za kukamia. Tetris ni vipande vya rangi vinavyoanguka. Aliitengeneza Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, na hakuna gemu unayoweza kumwelewesha mtu haraka kuliko hiyo. Bibi yako ataielewa kabla chai haijapoa. Sasa sikilizeni kilichotokea kwa Tetris ile ya 1989 ya Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani. Kwa miaka mingi wachezaji waliamini kwamba hatua ya 29 ndiyo mwisho wa binadamu, kwa sababu vipande vinaanguka kwa kasi ambayo ukishikilia kitufe havifiki pembeni kabla ya kutua. Wakaja watu waliojifunza kukitetemesha kidole juu ya kitufe. Wakavuka. Halafu wakaja wengine waliogundua kwamba ukiweka kidole kimoja juu ya kitufe bila kubonyeza, kisha ukapiga mgongo wa pedi kwa vidole vya mkono wa pili, mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepiga ngoma, pedi yenyewe ndiyo inayokwenda kukutana na kidole. Kwa mbinu hiyo, Desemba 2023, mtoto wa miaka 13 wa Marekani aliifikisha gemu hatua ya 157 mpaka ikaganda. Ikashindwa kuendelea. Miaka zaidi ya 30 mashine ndiyo iliyokuwa ikimaliza watu, siku ile mtu akaimaliza mashine.

Hiyo ni gemu ya kuzugia?

Uongo wa tatu nitaupita haraka kwa sababu unanikera: kwamba za kuzugia ni za wanawake. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alitengeneza Pac-Man akiwa na nia ya wazi ya kuwavuta wanawake waingie kwenye kumbi za gemu, ambazo wakati huo zilikuwa zimejaa wanaume na milio ya vita. Akaitengeneza kuhusu kula. Waliokuja kuishikia bango, wakakariri njia zake zote mpaka hatua ya 256 ambapo nusu ya kioo inavurugika, wengi walikuwa wanaume. Na huku kwetu, Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani kwa sababu ya Tekken, gemu ya ngumi na mateke ambayo kwenye kibanda changu iliwahi kuvunja benchi. Basi, tuendelee.

Sasa hivyo vyuma. Nitaanza na kile nilichokiona kwa macho yangu kila wiki, adhabu.

Kibandani tulikuwa na San Andreas, ile gemu ya GTA ya magenge na magari. Vijana walikuja kuiendesha zamu kwa zamu, wakilipia kwa saa. Katika gemu ile huhifadhi popote unapotaka. Lazima umalize kazi uliyopewa, urudi kwenye nyumba yako, usimame kwenye alama, ndipo uhifadhi. Sasa uko katikati ya kazi ngumu, umehangaika dakika 40, umebakiza daraja moja ufike nyumbani, umeme unakatika. Nimeona watu wazima wakikaa gizani kimya, pedi mkononi, wanaangalia kioo cheusi. Hakuna anayekulaumu, hakuna anayekulipa. Dakika 40 zimeliwa, na shilingi zako mia tano nazo.

Basi jiulizeni swali moja kuhusu gemu yoyote: nikikosea, nanyang'anywa nini? Ukikosea hatua ya Candy Crush unanyang'anywa dakika mbili za jitihada na kipande kimoja cha uhai. Ukikosea kwenye Dark Souls, gemu ya Kijapani ya 2011 iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki, habari ni nyingine. Maadui wanaokufa wanakupa roho, na roho ndizo fedha zako na ndizo nguvu zako. Ukifa, roho zote ulizobeba zinabaki pale ulipofia. Unaamkia kwenye moto wa mwisho uliokaa, na maadui wote wa kawaida uliowaua njiani wameamka pamoja nawe. Unatakiwa urudi pale pale, kwa njia ile ile, ukaziokote. Ukifa tena kabla ya kuzifikia, zimekwenda. Na hakuna mahali pa kuchagua urahisi. Gemu haikuulizi unataka rahisi, wastani au ngumu. Iko kama ilivyo, kama bahari.

Watu wanadhani gemu kama hiyo itauzwa kwa vichaa wachache tu. Elden Ring, ya 2022, ya kampuni hiyo hiyo ya FromSoftware, iliuza zaidi ya nakala milioni 20 ndani ya mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo kukamia kuna wateja, tena wengi. Kwa nini mtu alipe ili ateswe? Mimi jibu langu ni la kibandani. Yule kijana wa San Andreas, umeme uliporudi, hakwenda nyumbani. Alianza upya, na safari hii alimaliza kwa dakika 25. Ile adhabu ilimfundisha njia bila yeye kujua kwamba anafundishwa. Na ushindi wake ulikuwa na uzito ambao shangazi yangu akivuka hatua moja ya peremende haupati, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kitu kilichopotea.

Chuma cha pili ni ruhusa ya kuondoka. Mama anaita, ugali uko mezani. Gemu ya kuzugia unaiacha hapo hapo, unakula, unarudi, iko kama ulivyoiacha. Karata za kwenye kompyuta ndizo mfano wangu nilioupenda siku zote. Microsoft waliziweka ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeandika programu yake, Wes Cherry, alikuwa kijana wa mafunzo kazini. Zilisaidia watu kuzoea kipanya: kushika kitu, kukiburuta, kukiachia. Ofisi zetu zilifundishika vizuri mno. Nani hapa hajawahi kusimama dirishani akisubiri huduma huku mwanga wa kijani wa zile karata unang'aa kwenye miwani ya mhudumu? Na uzuri wake ni kwamba bosi akitokea, dirisha linafungwa mara moja bila hasara. Gemu ya kuzugia ni ile unayoweza kumficha bosi.

Linganisheni na PUBG au Free Fire, gemu za vita zinazochezwa mtandaoni. Umeshuka na wenzako watatu, mmeokota silaha, duara linabana. Mama anaita. Ukiinuka wenzako wanakufa. Hakuna kitufe cha kusimamisha, kwa sababu mnacheza na watu wengine wanaoishi. Hapo adhabu imeacha kuwa ya gemu, imekuwa ya kijamii. Unamwambia mama "nakuja" mara nne, na nyumba nyingi za nchi hii zimegombana kwa sababu ya hizo "nakuja" nne. Wazazi wanadhani mtoto amekuwa jeuri. Sikatai, yawezekana amekuwa. Lakini vilevile kuna mtu, ofisini mwake mbali sana, alitengeneza kitu kisichokuwa na mlango wa dharura.

Cha tatu ni ada ya kuingia. Hapa sisemei fedha, nasemea unachotakiwa kukijua kabla hujaanza kufurahi. Yule fundi cherehani nilimpa pedi ya PlayStation siku ya kwanza akaigeuzageuza kama mtu aliyepewa kaa akiwa hai. Vitufe vinne vya kulia, mishale minne kushoto, vinne mabegani, fimbo mbili ambazo nazo zinabonyezeka. Sisi tuliokulia humo hatukumbuki kwamba tuliwahi kujifunza. Atari ya 1977 ilikuwa na fimbo moja na kitufe kimoja. Kila toleo liliongeza kidogo, na kila nyongeza ilifunga mlango kwa watu ambao hawakuwepo siku ile.

Nintendo waliliona hilo. Chini ya Satoru Iwata waliamua kuacha kushindana kwa nguvu za mashine na kutafuta watu walioachwa nje. Novemba 2006 wakatoa Wii, yenye kidhibiti kinachofanana na rimoti ya televisheni. Unataka kupiga tenisi? Pungia mkono kama unapiga tenisi. Ada ya kuingia ikashuka mpaka chini kabisa. Ziliuzwa Wii zaidi ya milioni 100, na wakongwe wa gemu wakanuna kweli kweli, wakasema hiyo siyo gemu, ni toi la bibi. Mimi nilikuwa mmoja wa walionuna, na wakati huo sikuwa hata nimeigusa.

Lakini hadithi ina mkia. Mwaka 2007 ikaja iPhone, 2008 likaja duka lake la programu, na ghafla kila mtu akawa na kitu cha kuzugia mfukoni mwake, hahitaji kununua mashine ya sebuleni. Mrithi wa Wii, yaani Wii U ya 2012, haikufikisha hata milioni 14. Mnaona? Mtu wa kuzugia ni mgeni mzuri lakini siyo mpangaji. Alikuja kwa sababu ilikuwa rahisi kuingia, na kwa sababu hiyo hiyo ilikuwa rahisi kutoka. Anayekamia, hata umuudhi vipi, ameshawekeza.

Sasa nirudi kwenye chaki ya ukutani. Anayefungwa analipa na anapisha.

Kwa nini gemu za zamani za kumbini zilikuwa ngumu vile? Kwa sababu zilikula sarafu. Space Invaders ya 1978, ya Tomohiro Nishikado, haina mwisho. Wale wadudu wanashuka, ukiwapunguza wanaongeza kasi, na kasi ile, nyinyi watu wa programu mtacheka, ilitokana na kichakataji kuwa na vitu vichache vya kuchora kadiri maadui walivyopungua. Mwenyewe aliiona akaiacha kwa sababu ilinoga. Ukifa, sarafu nyingine. Mwenye mashine anataka ufe, lakini ufe ukiamini kwamba ulikaribia. Mimi bila kusoma kitabu chochote nilifanya jambo hilo hilo kwa kipande cha chaki. Kabla sijaandika sheria ile, watu walikuwa wakizugia kibandani, wanacheka, wanabadilishana. Nilipoiandika, wiki ile ile wakaanza kukamia. Gemu sikuibadilisha hata kidogo. Nilibadilisha nani analipa na nani anasimama.

Na mwaka 2012 kampuni ya King ikatoa Candy Crush Saga, ikaigeuza hesabu hiyo kwa ustadi ambao mimi, kama mwenye kibanda mstaafu, ninauvulia kofia huku nikiwa na wasiwasi. Kuingia bure. Hatua za mwanzo unashinda tu, hata ukifumba macho. Una uhai vipande vitano. Ukiumaliza wote, kila kimoja kinachukua dakika 30 kurudi, kwa hiyo vitano ni saa mbili na nusu. Unaweza kungoja, unaweza kuwaomba marafiki, unaweza kulipa. Angalieni ujanja wake: gemu ya kumbini ilikutoza kwa kukosea, hii inakutoza kwa kukosa subira. Ni gemu ya kuzugia kwa sura, ruhusa ya kuondoka unayo, tena unafukuzwa. Ila ukishafukuzwa ndipo unapoanza kuifikiria. Mwaka 2016 Activision Blizzard, wenye Call of Duty na World of Warcraft, baba wa wakamiaji wote, waliinunua King kwa karibu dola bilioni 6. Wakubwa wa bunduki walikwenda kununua duka la peremende.

Yupo mmoja aliyeogopa alichokitengeneza. Dong Nguyen wa Vietnam alitoa Flappy Bird mwaka 2013. Kidole kimoja, ndege mmoja, mabomba. Ada ya kuingia hakuna kabisa. Adhabu: kugusa kidogo tu umekufa, unaanza sifuri. Yaani alichukua mlango wa gemu ya kuzugia akaufungulia ndani ya chumba cha gemu ya kukamia. Dunia ikapagawa. Februari 2014, gemu ikiwa juu kabisa na inamwingizia fedha nyingi kila siku, akaitoa sokoni. Alieleza kwamba alitaka watu waicheze dakika chache wakiwa wametulia, lakini wameshindwa kuiacha.

Nimeongea sana habari za Wajapani na Wamarekani. Kuna kitu tulikuwa nacho hapa pwani kabla ya wote hao, na nadhani ndicho darasa bora zaidi kwa mtengenezaji.

Bao. Mashimo 32, kete 64. Kuna bao la kujifunza: kila shimo unaweka kete mbili, mchezo unaanza, mtoto anaelewa. Kisha kuna bao la kiswahili lenyewe. Kila mmoja anaanza na kete 10 tu ubaoni, sita zikiwa ndani ya nyumba, na 22 zimebaki mkononi. Unanamua moja moja, na kila kete unayoingiza ni uamuzi wa kula, wa kutakata, yaani kusambaza kete bila kula, wa kuilinda nyumba au kuivunja. Zikiisha mkononi ndipo unaingia mtaji, yaani unacheza kwa kete zilizoko ubaoni tu. Ubao ni ule ule. Kete ni zile zile. Anayejua la kujifunza anaweza kukaa barazani na kufuatilia la kiswahili, angalau kwa nusu, na siku moja akaomba zamu. Pale barazani wanaozugia na wanaokamia wanakaa mkeka mmoja, na anayezugia anamtania fundi kwamba jana alipigwa, naye fundi hamfukuzi.

Wahenga waliotuachia mpango huo hawakutuuliza kama sisi ni wachezaji wepesi au wazito. Walitupa ngazi. Ninapoona gemu za siku hizi zinazofanya hivyo nafurahi. Celeste ya 2018 ni gemu ngumu ya kupanda mlima, unakufa mara mia kwenye chumba kimoja, lakini unazaliwa upya papo hapo mwanzoni mwa chumba hicho hicho, kwa hiyo kifo hakina deni. Na kuna sehemu ya msaada ambapo mchezaji anaweza kupunguza kasi ya mchezo au kujipa asiuawe. New Super Mario Bros. Wii ya 2009 ilikuwa na kitu kizuri zaidi, au cha aibu zaidi, mtachagua wenyewe: ukifa mara nane kwenye hatua moja, kunatokea boksi la kijani. Ukiligonga, Luigi, ndugu yake Mario, anakuja kukuonyesha njia. Unaweza kumwacha aimalize yeye. Mwanangu alipoliona boksi lile kwa mara ya kwanza aliligeuzia uso kwa hasira kama mtu aliyepewa kiti kwenye daladala akiwa na miaka 20.

Nyinyi mnaotengeneza, wachezaji wenu ni hawa hawa mnaowajua. Simu ina chaji asilimia 12. Bando linaisha saa sita usiku. Daladala kutoka Raskazone inafika stendi kabla hatua yako ya kwanza haijamaliza kupakia. Kondakta anagonga bati, mtu lazima ashuke. Usimnyang'anye dakika 40 mtu huyo kwa kosa la kushuka. Hifadhi kila anapopumua. Halafu, ukishamhifadhia, mpe kitu cha kukamia akikitaka: alama za juu za mtaa mzima, njia ndefu zaidi, namna ya kushinda ambayo rafiki yake hajaigundua. Asiyetaka aendelee kuzugia kwa amani. Na kama utamtoza fedha, mtoze mahali ambapo utaweza kumtazama usoni. Mimi wateja wangu niliwatazama usoni, walikuwa majirani, na bado kuna jioni nilizofunga kibanda nikijua mtoto fulani ametumia nauli yake ya shule. Sheria ile ya chaki niliifuta mwaka wa mwisho. Mapato yalishuka. Fundi cherehani alirudi.

Nimalizie na Pongwe, maana nimeanza kumsema shangazi wa watu na yeye hayupo.

Sikukuu iliyopita nilikwenda kumsalimia. Wiki ile ile nilikuwa nimeimaliza Elden Ring, baada ya miezi mitano, nikiwa na kiburi ambacho sikuwa na mtu wa rika langu wa kumwonyesha. Nikamkuta amekunja uso juu ya simu. Amekwama hatua moja siku tatu. Nikamwambia, "Shangazi, lete hapa, hizo ni za watoto." Akanipa, bila neno, akaegemea mto, akakunja mikono.

Nilicheza mara tano. Uhai wote ukaisha.

Akaichukua simu yake taratibu, akaifuta kioo kwa upande wa kanga, akaniambia, "Sasa utakaa hapa saa mbili na nusu ulizoniharibia, umenye muhogo."